Mwongozo kamili: kulipigia laivu gitaa kavu bila mluzi na bila sauti ya kopo

Wadau habari zenu. Nimeamua kuiandika yote sehemu moja maana swali ni lilelile kila siku: mtu ana gitaa kavu zuri tu, nyumbani linaimba, akilipeleka kanisani Sinza au kwenye kazi ya hoteli kule Mbezi akachomeka kwenye miksa linalia kama kopo, akiongeza besi kidogo spika zinaanza kuvuma. Basi anauza gitaa, ananunua lingine, na tatizo linamfuata hukohuko.

Mi nasema hivi, mara nyingi gitaa halina kosa. Kosa linakaa njiani kati ya nyuzi na miksa, na kulirekebisha kuna mpangilio wake, ukiruka hatua moja hela ya hatua inayofuata inaenda bure. Kwa hiyo tafadhali usikimbilie hatua ya pikapu (kile kihisi kinachonasa sauti ya gitaa) kabla hujasoma ya kwanza na ya pili.

## Vitu vya kuwa navyo

- Gitaa lenyewe na seti mpya ya nyuzi
- Pikapu (usinunue bado, soma hatua ya 3)
- DI boksi (kiboksi kinachokaa kati ya gitaa na miksa) au priampu ya nje (kifaa kinachoipa nguvu sauti ya pikapu kabla ya miksa)
- Betri mpya ya volti 9, ya alkalaini
- Rula ya chuma yenye milimita, au kipimo cha vernia ukipata
- Msasa namba 120 na 240, kipande cha kioo cha dirisha, gundi tepu ya pande mbili
- Drili yenye biti ya milimita 3, na kekee ya kupanulia tundu taratibu, ile iliyochongoka mbele
- Kioo kidogo na tochi ya kuangalia ndani ya gitaa
- Kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la sauti
- App ya tyuna kwenye simu
- Tesita ya umeme, ile bisibisi yenye taa

Vingi hapo Kariakoo unavipata kwa mzunguko mmoja, maduka ya vyombo vya muziki na ya vifaa vya umeme hayako mbali.

## Hatua ya 1: Jua unapigia wapi

Unapiga peke yako au mko wawili, hotelini, kwenye kisherehe kidogo, hakuna dramu? Gitaa la bodi nene linakufaa kabisa, sauti ya mbao ndo unayouza pale.

Kama kuna dramu, kinanda na kwaya nzima nyuma yako, bodi nene inaanza kuwa mzigo, ile hewa iliyomo ndani inaitikia kila kinachotoka kwenye monita (ile spika ya stejini inayomtazama mpigaji). Hapo fikiria bodi nyembamba kama Yamaha APX600. Au baki na bodi nene yako ila uizibe tundu, tutafika huko.

Alafu kuna nyie watu wa dansi. Mtu anataka rumba lianze na ridhimu ya gitaa kavu, sebene likichanganya apande freti ya 15 apige solo ya umeme, na asibadilishe gitaa katikati ya wimbo. Huyo anahitaji gitaa mahuluti, lenye sumaku za gitaa la umeme pamoja na kihisi kinachonasa sauti ya mbao, vyote kwenye bodi moja. Yaliyojulikana sana ni Godin A6 Ultra, Taylor T5 na Fender Acoustasonic. Ni magitaa ya hela ndefu na ukiyapiga bila umeme yana sauti ndogo, usije ukalinunua ukitegemea kupigia kijiweni bila spika. Kama bajeti haifiki, gitaa kavu lenye bega lililokatwa (ili mkono ufike freti za juu) ukaliwekea pikapu mbili linakupa kazi kubwa tu ya aina hiyo, nami kwa mtu anayeanza ningemshauri hivyo bila kusita.

Ukienda dukani kununua lenye pikapu tayari, nenda na waya wako na betri yako mpya. Weka vitufe vyote vya ikwalaiza katikati, piga uzi mmojammoja kwa nguvu ileile. Ukisikia uzi mmoja umezama, muulize muuzaji kama fundi wake atarekebisha kabla hujalipa. Duka lisilokuruhusu kuchomeka, toka uende jirani.

## Hatua ya 2: Kagua gitaa kabla hujaligusa

Hii watu wanairuka, na kwa hali ya hewa yetu ya pwani ndo inayowaponza. Unyevu wa Dar unaivimbisha mbao ya juu, bodi inatoa tumbo nyuma ya daraja (kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya bodi), nyuzi zinapanda, kidole kinauma, na mtu anadhani gitaa limezeeka.

Fanya hivi. Chukua karatasi ya kawaida ujaribu kuipenyeza chini ya daraja upande wa nyuma. Ikiingia, daraja limeanza kung'oka, peleka kwa fundi likagandishwe upya, usiweke pikapu yoyote kwanza. Pikapu inanasa mtikisiko wa daraja, sasa daraja lenyewe linacheza, unategemea inase nini?

Alafu pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, toka juu ya freti mpaka chini ya uzi. Uzi mnene uwe kama milimita 2.5, mwembamba kama 2. Ikizidi sana, angalia shingo kwanza: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ile inayokutana na bodi kwa wakati mmoja, uangalie nafasi katikati. Ikiwa kubwa shingo imejikunja, kaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa ufunguo wake, robo mzunguko tu, uache gitaa lipumzike kabla hujaongeza tena. Ukikuta ni ngumu kugeuka achana nayo mpelekee fundi, ikikatika humo ndani hiyo shingo ndo basi tena.

Weka nyuzi mpya mwisho. Nyuzi zenye kutu zinatoa sauti mfu na hakuna pikapu itakayozifufua. Kwa sisi tunaotoka jasho na kupiga karibu na bahari zile zilizopakwa utando zinadumu zaidi, bei inauma kidogo ila zinajilipa.

## Hatua ya 3: Chagua pikapu inayofanana na kazi yako

Ziko za aina tatu unazohitaji kuzijua.

Ya chini ya mfupa. Ni ukanda mwembamba wa piezo (kitu kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) unaolala chini ya ule mfupa mweupe wa kwenye daraja, mfano Fishman Matrix au LR Baggs Element. Inahimili steji yenye kelele, inakata vizuri kwenye bendi. Ubaya wake ukipiga kwa nguvu inatoa sauti fulani ya kukwaruza, ya plastikiplastiki, ambayo utaipunguza kwenye ikwalaiza. Kwa kanisa na bendi mi naichagua hii.

Vidonge vya kubandika. Hivi vinagandishwa ndani, kwenye kibao kilicho chini ya daraja, mfano K&K Pure Mini yenye vidonge vitatu. Haina betri. Sauti yake ni ya mbao kweli, tamu, na ndo hiyohiyo inayoita fidibaki (ule mluzi au mvumo wa sauti ya spika kurudi kwenye gitaa) mapema steji ikiwa na kelele. Mpiga peke yake ataipenda sana. Kuna watu wanachukua vile vidonge vya shaba vya piezo vya kwenye vifaa vya umeme wanachomelea wenyewe, na vinafanya kazi kweli, ila gusisha kichomeo cha risasi haraka uondoe maana joto likikaa linaua kidonge, na waya wake uwe wa kufunikwa na neti, la sivyo utavuma kila taa ikiwashwa.

Ya sumaku kwenye tundu la sauti. Mfano Fishman Rare Earth au LR Baggs M1. Unafunga kwa skrubu mbili, umemaliza, na kwa fidibaki ndo sugu kuliko zote. Inahitaji nyuzi zenye chuma, gitaa lako la nyuzi za nailoni halitasikika kabisa. Sauti inaelekea kidogo kwenye gitaa la umeme, na kwa mtu wa sebene hiyo ni faida.

Mtu wa dansi niliyemtaja juu achukue ya sumaku pamoja na ya chini ya mfupa, kila moja na njia yake mpaka kwenye miksa, alafu achanganye huko.

## Hatua ya 4: Kuifunga pikapu ya chini ya mfupa

Naielezea hii kwa urefu maana hapa ndo magitaa mengi yanaharibiwa. Kama huna mkono mzuri na drili, mpe fundi, ila simama pembeni yake na mwongozo huu.

1. Pima upana wa mfereji wa daraja, ule unaokaliwa na mfupa, kabla ya kununua. Mifereji mingi ni kama milimita 2.4 au 3.2, na pikapu zinauzwa kwa vipimo hivyo viwili. Nyembamba kwenye mfereji mpana inahama, pana kwenye mwembamba haiingii, na kuuchimba mfereji nyumbani usijaribu.

2. Toa nyuzi, toa mfupa, weka alama upande wa uzi mnene. Mfupa una mteremko, ukiugeuza kimo chote kinaharibika.

3. Ingiza kioo na tochi ndani uone chini ya daraja. Unatafuta sehemu isiyo na mbao za kuimarisha. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kona ya mfereji, drili ikiwa imelala kidogo ili waya usikunjike kwa kona kali. Tundu likiangukia kwenye mbao ya kuimarisha utaidhoofisha bodi nzima, kwa hiyo angalia tena kabla hujabonyeza drili.

4. Panua tundu la kitako, pale pa kufungia mkanda, mpaka milimita 12 hivi. Bandika tepu ya karatasi kwanza ili rangi isibanduke. Tumia ile kekee iliyochongoka, zungusha kwa mkono, jaribu jeki (tundu la kuchomekea waya), zungusha tena. Drili ya umeme yenye biti kubwa inang'ata mbao ghafla na kupasua kitako, na huo ufa utauona kila ukilishika gitaa.

5. Punguza mfupa kwa unene wa pikapu. Pikapu ikikaa chini, mfupa unapanda juu kwa unene huohuo. Bandika msasa 120 kwenye kioo, simamisha mfupa wima, sugua chini tu, polepole, umalizie na 240. Kumbuka ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12 unatoa milimita 2 kwenye mfupa, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi.

6. Hakikisha chini ya mfupa pamenyooka kabisa. Usimamishe juu ya kioo uuangalie dhidi ya mwanga wa dirisha, usione mwanga ukipita chini yake popote. Na ukiurudisha kwenye mfereji uingie kwa vidole na utoke kwa vidole. Mfupa uliobana hauikandamizi pikapu sawasawa, na hicho ndo chanzo kikubwa cha uzi mmoja kuwa bubu.

7. Betri iweke kwenye mfuko wake karibu na mzizi wa shingo, waya zote zibandikwe zisigonge bodi. Waya unaocheza unatoa mlio ambao utautafuta usiku kucha.

Kazi imekubali kama nyuzi zote sita zinalingana. Ukikuta wa kwanza umezama usikimbilie kulaumu pikapu, toa mfupa, rudi namba 6. Mara nyingi ni kivumbi cha mbao kimebaki kwenye mfereji.

Na hili la betri walioelewa ni wachache: jeki ya kitako inawasha priampu pale unapochomeka waya. Ukiacha waya ndani ya gitaa usiku kucha betri inaliwa usiku kucha, hata kama spika zote zimezimwa.

## Hatua ya 5: Usichomeke piezo kavu kwenye miksa

Kama kuna kitu kimoja nataka kila mtu akielewe ni hiki, maana ile sauti ya kopo inazaliwa hapa.

Pikapu ya piezo isiyo na priampu haina nguvu ya kusukuma. Tundu la kawaida la laini kwenye miksa lina ukinzani mdogo, kiloomu 10 hivi au 20. Piezo ikikutana na tundu hilo besi yote inakatwa. Chukua mfano wa pikapu yenye nanofaradi 1 (kipimo cha uwezo wake wa kushika chaji): ukiichomeka kwenye kiloomu 10 inaanza kupoteza kila kitu kilicho chini ya hezi 16,000 hivi (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde). Uzi wako mnene unalia kwenye hezi 82! Ukiichomeka kwenye megaomu 1, mpaka unashuka hadi kama hezi 159, na kwenye megaomu 10 unashuka mpaka 16, sasa uzi wote unapita.

Vidonge vikubwa vya kubandika vinavumilia zaidi ila navyo vinataka megaomu 1.

Sasa mtu asiyejua hilo anafanya nini, anapandisha besi kwenye miksa mpaka mwisho. Anachopandisha siyo besi ya gitaa maana haipo, anapandisha mvumo wa steji, na hapo ndo spika zinaanza kulia.

Kwa hiyo:

- Pikapu haina betri wala priampu: tumia priampu ya nje au DI yenye umeme wake iliyoandikwa megaomu 1 au zaidi, na kwa pikapu kama ile ya mfano ikikaribia 10 ni bora.
- Gitaa lina priampu na betri: DI yoyote nzuri inatosha, hata isiyotumia umeme.

DI ina kazi ya pili, inabadilisha mawimbi yaende kwenye waya wa XLR (ule wa maiki), ambao unaweza kutembea kutoka stejini mpaka kwa mtu wa miksa nyuma ya ukumbi bila kuokota mvumo. Waya wa kutoka gitaa mpaka DI uwe mfupi, mita 5 inatosha kwa mtu yeyote asiyerukaruka.

Kabla hujachomeka au kuchomoa mwambie mtu wa miksa afunge chaneli yako. Ule mlipuko unaua tuita (spika ndogo ya sauti za juu).

## Hatua ya 6: Panga sauti

Anza na kila kitu katikati. Piga kwa nguvu ile utakayopiga kwenye wimbo, siyo kwa vidole vya aibu, mtu wa miksa apandishe geini mpaka karibu na taa nyekundu kisha arudishe kidogo.

Omba akate chini ya hezi 80, humo hakuna noti yako, kuna miguu na upepo. Ukiwa na mpiga bezi kata hata mpaka 120, mwachie bezi eneo lake, gitaa litasikika zaidi. Ile sauti ya plastiki ya piezo inakaa kati ya hezi 1,000 na 3,000, punguza hapo kidogokidogo huku unapiga mpaka ikae sawa.

Ukilisikia gitaa peke yake linaonekana jembamba usishtuke. Liingize ndani ya bendi ndo uamue.

## Hatua ya 7: Winda fidibaki kabla watu hawajaja

Usisubiri ije yenyewe. Wakati wa kujaribu mitambo pandisha sauti makusudi mpaka gitaa lianze kuvuma, alafu shika simu yenye tyuna karibu na spika. Tyuna itakutajia noti. Kwa magitaa ya bodi nene mara nyingi inaangukia karibu na G# au A ya chini, yaani hezi 104 mpaka 110, maana ndo mahali hewa ya ndani ya bodi inapopumulia.

Ukishaijua noti:

1. Ziba tundu la sauti kwa kifuniko cha mpira. Hii peke yake inamaliza kesi nyingi, ni kitu cha bei ndogo na sielewi kwa nini wapigaji wengi wanakidharau.
2. Bonyeza kitufe cha fezi kwenye priampu. Kinageuza mwelekeo wa mawimbi, kwa hiyo sauti ya spika inayorudi kwenye bodi inaacha kuusukuma mtikisiko wa gitaa na kuanza kuupinga. Sikiliza upande upi umetulia uache hapo. Ukihama steji jaribu upya.
3. Kama kuna kichujio chembamba, kielekeze kwenye hezi ulizozipata ukate hapohapo tu, besi iliyobaki utaihitaji.
4. Geuza mwili. Uso wa gitaa usitazamane na monita, simama kwa pembeni, na monita yako ipunguzwe besi.

Mkifika sauti ya shoo, shusha mkono, acha nyuzi wazi bila kuzishika. Gitaa likikaa kimya, uko tayari.

## Hatua ya 8: Umeme, na hapa nakuomba uwe makini

Kumbi nyingi tunazopigia zina ekstensheni za ajabu, zingine hazina waya wa asi (ule unaopeleka umeme ardhini), na umeme ukikatika wanaingia kwenye jenereta. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, huenda asi ina shida mahali. Ukigusa nyuzi na mdomo ukagusa maiki ukasikia kitu kinachoma, acha kupiga papo hapo.

Kabla ya shoo gusisha tesita kwenye maiki na kwenye nyuzi gitaa likiwa limechomekwa. Taa ikiwaka usipige mpaka fundi umeme wa ukumbi arekebishe, na isipowaka bado endelea kuwa mwangalifu maana tesita siyo kinga. Amplifaya na miksa vichomekwe kwenye chanzo kimoja, hilo linaondoa mivumo mingi.

Mvumo ukibaki, bonyeza kitufe cha kukata asi kilicho kwenye DI. Hicho kinakata asi ya waya wa sauti tu, ni salama. Kung'oa pini ya asi kwenye plagi ya amplifaya ni kitu kingine kabisa, usikubali hata mtu akikwambia siku zote wanafanya hivyo.

Umeme ukirudi ghafla vifaa vinapokea kishindo, kwa hiyo ukikatika mwambie mtu wa mitambo ashushe sauti kuu kabla haujarudi.

## Ukimaliza kazi

Chomoa waya kwenye gitaa. Futa nyuzi na nyuma ya shingo kwa kitambaa kikavu, jasho na chumvi ya Coco Beach vinakula freti haraka. Liweke kwenye begi lenye vipakiti vya silika, uvibadilishe au uvikaushe vikishajaa unyevu. Usiliache kwenye gari mchana, joto la humo linalainisha gundi ya daraja na utaanza upya hatua ya 2.

Betri badilisha kabla ya kazi kubwa hata kama bado inaonyesha ina moto. Ikianza kuisha sauti inachakaa kwanza, inakwaruza kwenye noti kubwa, ndo inazima, na wengi wakisikia ule mkwaruzo wanaanza kuchezea ikwalaiza. Beba nyingine mfukoni pamoja na waya wa akiba na seti ya nyuzi.